Kumlinda mfungaji bora wa wapinzani katika kikapu cha vyuo: kazi inaanza kabla hajashika mpira

Wakuu, salaam kwenu.

Fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani kwa wanawake ya mwaka 2024 ilianza saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Jumapili ya tarehe 7 Aprili, nami niliitazama pamoja na vijana wawili ninaowafundisha kikapu chuoni. Robo ya kwanza ilipokwisha, Caitlin Clark wa Iowa alikuwa ameshafunga pointi 18, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyekuwa ameifikia ndani ya robo moja ya fainali hiyo. Kijana mmoja alinyanyuka akaenda kulala, akisema South Carolina wamekwisha. Katika robo tatu zilizobaki Clark alipata pointi 12 tu, South Carolina wakashinda 87 kwa 75, wakamaliza msimu wakiwa wamecheza michezo 38 bila kupoteza hata mmoja. Asubuhi yake kijana yule aliniuliza walimfanya nini, nikamjibu kwa sentensi mbili tatu ambazo hazikumtosha, wala mimi hazikunitosha. Jibu kamili ninaliweka hapa.

Msimamo wangu ni kwamba mfungaji mkubwa hulindwa kabla mpira haujamfikia, na hulindwa na watu watano. Mchezaji wa daraja la Clark, ambaye msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 31.6 kwa mchezo na alimaliza chuo akiwa na jumla ya pointi 3,951, akishapokea mpira mahali anapopapenda, uso umeelekea kikapu na miguu imetulia, basi mlinzi ameshachelewa, na kinachobaki ni kuomba mpira ugonge chuma. Walinzi wengi wa vyuoni kwetu wanaanza kazi hapo ambapo kazi ilipaswa kuwa inakwisha. Wanainama, wanapiga makofi, wanapiga kiwanja kwa viganja, na mtu ameshapokea mpira.

Mlinzi anayeijua kazi husimama mahali ambapo anaweza kuuona mpira na kumwona mtu wake kwa pamoja bila kugeuza shingo. Mkono wa mbele anaunyoosha kwenye njia ya pasi, kiganja kimeelekea mpira na dole gumba limeangalia chini, na mguu wa upande huo huo unatangulia. Hakusudii kuiba pasi, kwa sababu anayewinda pasi huachwa nyuma mara moja mfungaji anapogeuka na kukimbilia kikapuni. Anachokusudia ni mfungaji apokee mpira mita mbili mbali zaidi na alipotaka, akiwa amekipa kikapu mgongo, sekunde tano zikiwa zimeshapotea. Mita mbili hizo zinaonekana kidogo mpaka umkute mtu ambaye maisha yake yote amejizoeza kutupa kutoka sehemu ileile.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi tulicheza na chuo kimoja kilichokuwa na mfungaji wa mkono wa kushoto aliyetusumbua misimu miwili. Kiwanja kilikuwa cha saruji, chenye vumbi lile jembamba linalofanya viatu viteleze. Nusu ya kwanza nilimfuata kwa bidii yote, nikala faulo tatu, naye akafunga alivyotaka. Wakati wa mapumziko mchezaji wetu wa akiba, ambaye hakuwa ameingia uwanjani kabisa, aliniambia nimtazame mikono. Kila alipokuwa anataka mpira kwa dhati, yule bwana alikuwa akiinua mguu na kufuta soli ya kiatu kwa kiganja, kwanza kulia, kisha kushoto, kisha anaondoka kwenda kupokea. Alipokuwa hataki mpira hakufuta. Nusu ya pili, kila alipofuta soli ya kulia nilikuwa nimeshaingia kwenye njia yake kabla hajaiweka chini ya kushoto, na pointi gadi wao, yaani anayeongoza mashambulizi, akalazimika kupeleka mpira kwa wengine. Hakukoma kufunga, lakini alifunga kwa kuhangaika, na sisi tukapata muda wa kupumua. Tangu siku hiyo sijawahi kumpanga mlinzi wa mfungaji bora bila kumkalisha kwanza kwenye benchi dakika kadhaa za mchezo mwingine wa mpinzani huyo, awe na kazi moja tu ya kutazama.

Baada ya kuzuia kupokea, shida kubwa ni skrini, yaani pale mwenzake mfungaji anaposimama kama nguzo ili mlinzi amgonge na kubaki nyuma. Mlinzi anayepita chini ya nguzo hiyo dhidi ya mtupaji wa mbali amempa zawadi. Inampasa apite juu, amng'ang'anie mfungaji begani kwake, amlazimishe kuzunguka kuelekea ndani ambako kuna msaada, badala ya kumwachia nafasi ya kurudi nyuma na kutupa. Hapa kuna jambo la kanuni ambalo wengi wanalipita haraka. Katika kikapu cha vyuo Marekani hakuna ile kanuni ya NBA, ligi ya kulipwa ya kwao, inayomkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu chini ya kikapu bila kuwa karibu na mtu wa kumlinda, na katika kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazozitumia sisi haipo pia. Kwa hiyo mlinzi wa nyuma anaweza kusimama pale na kusubiri. Mtu wa mbele anayejua kwamba nyuma yake kuna mtu hucheza kwa ujasiri mwingine kabisa. Watanzania tunao mfano wetu wenyewe: Hasheem Thabeet alipokuwa chuo cha Connecticut kati ya 2006 na 2009, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2, alitajwa mara mbili kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, na faida yake haikuishia kwenye mipira aliyoipiga kofi. Walinzi wa mbele waliweza kumbana mtu hadi pumzi zake wazisikie, wakijua kwamba akiwapita anakwenda kukutana na mikono ile.

Kanuni nyingine inaumiza upande wa ulinzi. Vyuo vya Marekani vina saa ya sekunde 30 kwa kila shambulizi, wakati FIBA na NBA zina 24. Sekunde sita hizo zinamtosha mfungaji kupita skrini ya pili na ya tatu, na hapo ndipo mlinzi aliyekwenda vizuri mara mbili hukwama. Halafu tangu msimu wa 2013-14 waamuzi wa vyuo kwa wanaume waliagizwa waite faulo kila mlinzi anapomwekea mwenye mpira mikono miwili, au mkono mmoja na kuuacha hapo, au kumzuia kwa kigasha. Mlinzi wa siku hizi analinda kwa miguu na kifua. Ukimfundisha kijana kulinda kwa mikono, umemfundisha kukaa benchi akiwa na faulo tano.

Sasa turudi kwa Clark, maana mwaka ule alipitia mikononi mwa walinzi wa aina tatu ndani ya wiki moja. Tarehe 1 Aprili, LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, walimpa Hailey Van Lith, mchezaji shujaa asiyeogopa mtu lakini mfupi kwa Clark, ambaye ana urefu wa sentimita 183. Clark alitupa juu ya kichwa chake mchezo mzima: pointi 41, mitupo tisa ya pointi tatu, asisti 12 (pasi zilizozaa kikapu), Iowa wakashinda 94 kwa 87. Simlaumu Van Lith hata kidogo. Mara nyingi aliachwa peke yake na mtu ambaye ameshapokea mpira na ameshamtazama usoni.

Nusu fainali, Connecticut walimpa Nika Mühl, mrefu zaidi na mwenye ukorofi mzuri wa kumfuata mtu kila aendako. Mpaka mapumziko Clark alikuwa na pointi 6 tu na Connecticut walikuwa wanaongoza 32 kwa 26. Alimaliza na 21, yaani pungufu ya wastani wake kwa pointi kumi na zaidi. Iowa walishinda 71 kwa 69. Ukitazama nani alifunga zaidi kwa Iowa usiku ule, utamkuta Hannah Stuelke mwenye pointi 23. Kila watu wawili walipomsogelea Clark, Stuelke alikuwa anateleza kuelekea kikapuni na kupokea. Mühl alifanya kazi yake vizuri kuliko mlinzi mwingine yeyote wa mashindano yale, na timu yake ikatolewa.

South Carolina walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, nacho ni wingi wa miguu mibichi, yaani wachezaji wasiochoka. Baada ya mafuriko ya robo ya kwanza, Raven Johnson ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kumfuata Clark, lakini nyuma yake walipokezana watu, na wachezaji wao wa akiba walifunga pointi 37 wakati wa Iowa hawakufunga hata moja. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, zilikuwa 51 kwa 29. Unganisha takwimu hizo mbili uone zinavyomgusa mfungaji: akikosa, hapati nafasi ya pili; akishambulia, upande wa pili anakimbizwa na mtu aliyetoka kupumzika; na kufikia robo ya nne ule mtupo wa mbali anaoutegemea unapungua nguvu kwenye magoti. Clark alijaribu mitupo 28 akapata 10. Kamilla Cardoso peke yake alichukua ribaundi 17.

Kuna tukio moja ambalo ningependa kila mlinzi kijana alitazame polepole. Nusu ya kwanza inakaribia kwisha, Clark anaushusha mpira, Johnson amekaa chini, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini karibu na sakafu. Clark anataka kubadilisha mkono. Johnson anaugusa mpira wakati uko kati ya mkono na sakafu, anautangulia, anakimbia na kuweka kikapuni, timu yake inakwenda mapumziko ikiwa mbele 49 kwa 46. Huyu ndiye Johnson ambaye mwaka mmoja kabla, katika nusu fainali ya 2023 mjini Dallas, Clark alimwacha peke yake nje ya mstari wa pointi tatu na kumpungia mkono kwamba atupe tu akitaka. Siku ile Clark alifunga 41 na Iowa wakawatoa South Carolina 77 kwa 73. Johnson amesimulia hadharani jinsi tukio lile lilivyomuumiza. Ninapotazama mkono ule ukigusa mpira naona mwaka mzima wa mazoezi.

Nakaribisha mawazo yenu, hasa ya walimu wa vyuo vyetu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nimekusoma kwa makini na ninaheshimu ulichoandika, ila nadhani unaifanya kazi kuwa ngumu kuliko ilivyo. Timu zetu hazina watu kumi wa kupokezana. Mimi nina wachezaji saba wanaoweza kucheza, na mpinzani wangu ana mtu mmoja anayefunga nusu ya pointi zao. Nikiwapeleka wawili kwake kila anapogusa mpira, nimeua nyoka kichwani. Wale wengine wanne wathibitishe kwamba wanajua kufunga. Kwa nini nijitaabishe na pembe na viganja?

Mleta mada:

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi, na jibu lake lilishaandikwa uwanjani tarehe 25 Novemba 2008. Chuo cha Loyola cha Maryland kilikwenda kucheza na Davidson, timu ya Stephen Curry, ambaye msimu ule alikuja kuongoza Marekani nzima kwa ufungaji akiwa na wastani wa pointi 28.6. Kocha wa Loyola, Jimmy Patsos, aliwapa walinzi wawili kazi ya kumfuata Curry kila alipokwenda, awe na mpira au asiwe nao. Curry alielewa haraka. Alikwenda kona ya uwanja akasimama, wale wawili wakasimama naye, na wenzake wakawa wanne dhidi ya watatu kwenye eneo lote lililobaki. Curry alitupa mara tatu, hakupata kitu, akamaliza na pointi sifuri. Davidson walishinda 78 kwa 48.

Nyoka alikatwa kichwa na mwili ukauma kwa tofauti ya pointi 30. Hao wanne unaowadharau ni wachezaji wa chuo waliofanya mazoezi mwaka mzima, na mchezaji wa kawaida akiwa peke yake mita moja kutoka kikapuni hahitaji kipaji.

Ukiwa na watu saba, ningekushauri njia ya kati: mmoja amfuate mfungaji popote, na wanne walinde eneo wakiwa wamejipanga kama pembe nne za sanduku. Toronto Raptors walimfanyia hivyo huyo huyo Curry katika fainali ya NBA ya 2019, na watu walishangaa kuuona ulinzi wa shuleni kwenye jukwaa lile. Tofauti yake na ya Loyola ni kwamba msaada unabaki kati ya mpira na kikapu, badala ya kusimama kona na mtu asiye na mpira. Lakini uutumie kwa dakika tatu au nne, wakati ambapo ameshika moto au mlinzi wako amechoka, kisha ubadilishe. Wakishapata muda wa kuuzoea watajaza kona mbili kwa watupaji na utajuta. Watu wawili wape kazi pale tu anapouweka mpira chini akielekea mstari wa pembeni, kwa sababu mstari nao ni mlinzi.

Mchangiaji wa pili:

Kaka, shukrani kwa uzi huu. Mimi ninafundisha timu ya wasichana, na tatizo langu msimu uliopita halikuwa mtupaji wa mbali. Alikuwa binti mrefu wa chini ya kikapu ambaye hakuna mchezaji wangu aliyemfikia bega. Kuzuia pasi isimfikie haikuwezekana, kwa sababu walikuwa wanaurusha mpira juu naye anaudaka mahali ambapo mikono yetu haifiki. Tulijaribu kumzunguka watu watatu, tukafungwa na waliokuwa nje. Je, ile hoja yako ya kulinda kabla hajashika mpira inasimamaje mbele ya mtu wa namna hiyo?

Mleta mada:

Dada yangu, umenigusa pale ambapo hoja yangu inahitaji kurekebishwa, na bahati nzuri mfano wake ulitokea usiku uliofuata ule wa Clark. Tarehe 8 Aprili 2024, fainali ya wanaume, Connecticut walikutana na Purdue ya Zach Edey, mwenye urefu wa sentimita 224 na wastani wa pointi 25.2 kwa mchezo. Kocha wa Connecticut, Dan Hurley, hakutuma watu watatu. Alimpa Donovan Clingan, mwenye sentimita 218, amsukume Edey kwa kifua ili apokelee mbali kidogo, na wengine wanne akawaamuru wabaki na watu wao kwenye mstari wa pointi tatu wala wasigeuke kusaidia. Edey alifunga pointi 37. Purdue, ambao msimu mzima walikuwa miongoni mwa timu zenye usahihi mkubwa wa kutupa kutoka mbali, walijaribu mitupo saba tu ya pointi tatu na kupata mmoja. Connecticut walichukua ubingwa kwa 75 dhidi ya 60.

Pointi 37 kati ya 60. Wenzake wote pamoja walipata 23. Hurley alikuwa amepiga hesabu kwamba mtu mmoja anayefunga mbili mbili kwa kugombana, akisukumwa kila mara, hawezi kuishinda timu nzima ilhali njia za pasi kutoka kwake kwenda nje zimefungwa. Kwa hiyo ulinzi ule pia ulianza kabla ya mpira kushikwa, isipokuwa waliolindwa walikuwa wale wanne wanaomsubiri Edey awarudishie pasi. Kwa Clark ilibidi kuzuia mpira unaoingia kwake, maana mtupo wake una thamani ya pointi tatu na unaweza kutoka popote. Kwa Edey ilibidi kuzuia mpira unaotoka kwake.

Kwa binti yako yule, ningeanza na anayempa mpira. Pasi ya juu inataka mtupaji mwenye utulivu wa sekunde moja na macho yasiyozibwa. Mlinzi wa mpira asogee mpaka mikono yake iwe usoni kwa mtoa pasi, si kiunoni, na ile pasi itaanza kwenda juu sana au fupi. Mlinzi wa nyuma asishindane naye urefu. Aweke paja chini ya kiuno chake mapema, wakati bado anakimbia kuja, ili aanzie hatua mbili nje. Akishapokea, mwache atupe akiwa amesukumwa, na wengine wanne wasitoke kwa watu wao. Ribaundi wakaigombee wote watano. Usihesabu pointi zake wakati mchezo unaendelea, na umwambie mlinzi wake mapema, mbele ya wenzake, kwamba hata akifungwa 30 hatalaumiwa mtu. Mchezaji anayeona aibu kufungwa ndiye anayeruka kabla ya wakati na kutoa faulo.

Kama una picha za video za michezo yake, mpe mlinzi wako azitazame bila sauti, akiangalia miguu tu, na aandike kwenye daftari ni mguu upi unaotangulia kila anapogeuka.